Wanaouza tembe nyekundu waliitazama ‘The Matrix’ hadi mwisho kweli?

UKITAKA kujua filamu imekuwa kubwa kupita kiasi, hesabu wanaoitaja bila kuiona. The Matrix imefika hapo. Mtaani kwetu kuna maboyz waliozaliwa baada ya 2003 ambao hawajakaa chini kuitazama hata dakika kumi, lakini watakwambia kwa uso mkavu kwamba wamemeza tembe nyekundu. Red pill. Maana yake ni kuwa wameshajua “ukweli” kuhusu wanawake: kwamba wote wanafuata pesa, kwamba mapenzi ni biashara, kwamba ukimpenda mtu halafu ukamwonyesha, basi umekwisha. Ukibisha, bado umelala. Ukibisha tena, wewe ni wa tembe ya buluu, na hilo kwao ni tusi. Kuna podkasti za mambo haya, kuna nyuzi ndefu za X kila wikendi, na kuna vikundi vya Telegram ambavyo huingii kabla ya kutuma M-Pesa.

Sasa mimi nimeirudia filamu hiyo mara tatu mwezi huu, asante kwa bando za usiku, na nina swali moja tu. Hawa wanaouza tembe waliitazama hadi mwisho?

Kwa wale ambao hawajaiona, twende haraka. Ilitoka Marekani Machi 31, 1999. Iliandikwa na kuongozwa na ndugu wawili, Lana na Lilly Wachowski, na ilipigwa Sydney, Australia. Thomas Anderson, anayeigizwa na Keanu Reeves, mchana anaandika programu za kompyuta ofisini na usiku ni mdukuzi anayejiita Neo. Anahisi kuna kitu hakiko sawa na dunia ila hajui ni nini. Anakutana na Morpheus (Laurence Fishburne), jamaa wa koti refu na miwani isiyo na mikono, anayempa chaguo. Meza ya buluu, uamke kitandani kwako uendelee kuamini unachotaka. Meza nyekundu, uonyeshwe. Neo anameza nyekundu na kuzinduka uchi ndani ya chombo kilichojaa ute, nyaya mwilini, na kila anakotazama kuna vyombo vingine vya watu waliolala vilevile. Kumbe mashine zilishawashinda binadamu zamani. Watu wanakuzwa kama mahindi shambani ili joto la miili yao liwe umeme, na akili zao zimefungiwa katika ndoto moja kubwa inayofanana na mwaka 1999. Ndoto hiyo ndiyo Matrix.

Iligharimu takriban dola milioni 63 na ikaingiza zaidi ya dola milioni 450. Ilishinda Oscar nne. Na zile herufi za kijani zinazotiririka kwenye skrini, ambazo kila mtu wa kompyuta aliwahi kuziweka kwenye simu yake? Simon Whiteley, aliyezibuni, amesema alizitoa kwenye vitabu vya mapishi vya Kijapani vya mke wake. Sushi! Siri ya ulimwengu ni samaki na wali.

Walimu wa falsafa waliipenda filamu hii kwa sababu iliwapunguzia kazi. Plato, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika kuhusu watu waliofungwa minyororo pangoni tangu utotoni, wakiona vivuli tu ukutani na kudhani vivuli ndivyo vitu vyenyewe. Mnamo 1641 Descartes wa Ufaransa akajiuliza: itakuwaje kama kuna pepo mwovu mwenye nguvu anayenidanganya katika kila ninachokiona na kukigusa? Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, falsafa yangu ni ya kujisomea kwenye simu nikiwa ndani ya matatu, lakini hapo hauhitaji digrii. Kuna hata kijana mmoja katika filamu, Mouse, anayeuliza wakiwa mezani: mashine zilijuaje ladha ya kuku? Labda hazikujua, ndiyo maana kuku ana ladha ya kila kitu. Hilo ni swali la Descartes kwa lugha ya kibanda cha chakula.

Anayenivutia zaidi ni Jean Baudrillard, Mfaransa mwingine. Mwanzoni mwa filamu Neo anaficha diski za magendo ndani ya kitabu kilichochimbwa katikati, na kitabu hicho ni cha Baudrillard, Simulacra and Simulation. Ungedhani mzee angefurahi. Wapi! Katika mahojiano ya 2003 alisema filamu imechanganya wazo lake na lile la Plato. Kwake, tatizo la zama hizi si kwamba kuna dunia bandia hapa na dunia halisi pale, unavuka mpaka kwa tembe moja, umefika. Tatizo ni kwamba picha na kitu chenyewe vimeshachanganyikana hadi huwezi kuonyesha mpaka ulipo. Akaongeza kijembe: The Matrix ni filamu ambayo Matrix yenyewe ingeweza kuitengeneza. Yaani hata uasi wako umepakiwa, ukawekwa bei, ukauziwa. Mtu anayelipia kikundi cha Telegram ili “aamke” angemchekesha sana huyu mzee.

Tuachane na Wafaransa kidogo, tuongee kazi.

Neo ameajiriwa na kampuni kubwa ya programu iitwayo Metacortex. Ana meza yake, iliyozungushiwa vibao kama za wenzake wote. Siku moja anachelewa, mdosi anamwita na kumwambia ana shida na mamlaka, anajiona maalum, anadhani sheria za ofisi hazimhusu. Nje ya dirisha watu wanaosha vioo, vinalia kwii kwii. Kila kitu kina rangi ya kijani mgonjwa. Filamu inataka uhisi kwamba hapo ni gerezani. Mwaka huo Hollywood ilikuwa na ugonjwa huo: Fight Club na Office Space pia ni za 1999, na zote zinahusu wanaume ambao kazi ya kudumu inawaua polepole.

Hebu sasa itazame ukiwa na miaka 24, Nairobi. Nilikuwa na majamaa wawili kejani, sote tumetulia, hiyo sehemu ya ofisi ikafika. Mmoja akauliza, “Hawa wanaajiri?” Tukacheka hadi tukarudisha nyuma. Lakini fikiria. Jamaa ana mshahara wa kila mwezi. Ana chumba chake na mitambo ya kompyuta iliyojaa hadi kitandani. Gereza la Neo ndilo linaloombewa kwenye kesha za Ijumaa. Wazazi wetu waliuza ng’ombe ili tufungiwe humo. Kwa hivyo ukisikia mtu akikwambia “toka kwenye mfumo”, muulize kwanza wewe uliingizwa lini.

Hiyo haimaanishi filamu haituhusu. Inatuhusu, ila mlango wetu ni ule mwingine, wa betri.

Watu wa fizikia huicheka sehemu hiyo, na wana haki: mwili wa binadamu unakula nguvu nyingi kuliko inayoweza kuvunwa kutoka kwake. Ila kama picha ya jamii, ni kali. Mashine haimchukii yule mtu kwenye chombo. Haina haja. Inachotaka ni alale palepale aendelee kutoa joto. Mnamo Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba wafanyakazi hapa Nairobi walikuwa wakilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuwekea alama maandishi machafu kabisa, ya ubakaji, ya mateso, ya watoto kudhulumiwa, ili ChatGPT ifundishwe kuyatambua na isiyateme kwa mtumiaji. Mtu yuko Marekani anaongea na kompyuta, anaona ni akili unde, safi, haina jasho. Jasho liko huku. Sijaona mfano wa betri ulio karibu na nyumbani kuliko huo.

Na angalia walivyoamka. Mei 1, 2023, zaidi ya wafanyakazi 150 waliochuja maudhui ya Facebook, TikTok na ChatGPT walikutana Nairobi wakapiga kura kuanzisha chama chao. Hakukuwa na Mteule, hakukuwa na koti la ngozi. Walikaa kwenye ukumbi, wakainua mikono.

Turudi kwa tembe. Kuna mhusika ambaye kila anayejiita redpill anapaswa kumtazama vizuri, naye ni Cypher. Ndiye msaliti wa filamu. Anakaa hotelini na Ajenti Smith, askari wa mashine, mbele yake kuna steki inayotiririka mchuzi. Anajua steki hiyo haipo. Anajua ni Matrix inayouambia ubongo wake kwamba ni laini na tamu. Anaitafuna akifumba macho na kusema kwamba baada ya miaka tisa ameamua ni bora kutojua. Anachoomba ni kurudishwa ndotoni akiwa tajiri, mtu maarufu, asikumbuke chochote. Bei yake ni kumkabidhi Morpheus.

Mwanafalsafa Robert Nozick wa Marekani alishauliza jambo hili 1974: ukipewa mashine inayoweza kukupa maisha matamu ya bandia hadi ufe, utaingia? Yeye alidhani wengi wetu tungekataa. Nadhani Nozick hakuwahi kulala njaa. Kule kwenye meli ya waasi wanakula uji mweupe usio na ladha kila siku, wanavaa sweta zilizotoboka, baridi, na mashine zinawawinda. Cypher ndiye peke yake anayetaja gharama kwa sauti, na mimi sina roho ya kumlaumu kwa kutamani nyama.

Ninachomlaumu ni kinachofuata. Cypher anaanza kuwaua wenzake mmoja baada ya mwingine kwa kuchomoa waya zao wakiwa bado ndani ya Matrix, hawawezi kujitetea. Na akiwa anafanya hivyo yuko kwenye simu na Trinity. Unajua anamwambia nini? Kwamba kwa muda mrefu alidhani anampenda. Kwamba alikuwa akimwota. Kisha anachomoa waya nyingine.

Basi huyo hapo. Mwanamume aliyemeza tembe nyekundu, aliyeujua ukweli wote, mwenye uchungu kwa sababu mwanamke hakumtaka, na aliyeamua wengine walipie. Tembe haikumfanya mwema wala jasiri. Ilimwonyesha tu alipo. Kama kuna mtu katika filamu nzima anayefanana na zile nyuzi za wikendi, si Neo.

Trinity naye (Carrie-Anne Moss) anavuruga hesabu zao zote. Ndiye mdukuzi aliyejulikana kwa kuvunja mifumo ya idara ya ushuru ya Marekani. Neo anapokutana naye kwenye klabu anashangaa, alidhani ni mwanamume. Trinity anamjibu kwamba wanaume wengi hudhani hivyo. Filamu inaanza naye, akiwa peke yake dhidi ya polisi chumba kizima, kabla Neo hajatokea kabisa. Na mwishoni Neo anapigwa risasi, moyo unasimama, amekufa. Kinachomrudisha si misuli wala “frame” wala kumnyima mtu majibu ya WhatsApp siku tatu. Trinity anamwinamia sikioni, anamwambia anampenda, anambusu, na jamaa anapumua. Unaweza kusema hiyo ni sinema ya mapenzi ya kawaida tu, sawa, na nakubali inachosha kidogo. Lakini ndivyo ilivyoandikwa. Filamu wanayoitumia kuthibitisha kwamba mapenzi ni ujinga inamwokoa shujaa wake kwa mapenzi.

Kuna na waandishi wenyewe. Wakati filamu inatoka, ndugu hao wawili walijulikana kama wanaume. Lana alijitambulisha hadharani kuwa mwanamke mwaka 2012, Lilly 2016. Mnamo 2020 Lilly alieleza kwamba hadithi ya mtu aliyebadili jinsia ilikuwa ndani ya The Matrix tangu mwanzo, ila dunia ya kampuni za filamu haikuwa tayari. Alimtaja Switch, mmoja wa waasi, ambaye walitaka awe mwanamume katika dunia halisi na mwanamke ndani ya Matrix. Ukirudi na hilo kichwani, kuna vitu vinakushtua. Ajenti Smith kila mara anamwita Neo “Bwana Anderson”, kwa madaha, kama anambandika. Na siku Neo anapoamua kusimama na kupigana, kule kwenye kituo cha treni, anachosema ni jina lake. Msimamo wako kuhusu mambo hayo ni wako. Ila mwaka huohuo, Mei, Elon Musk aliandika mtandaoni akiwahimiza watu wachukue tembe nyekundu, Ivanka Trump akajibu kwamba ameshachukua, na Lilly Wachowski akawatukana wote wawili kwa neno moja ambalo mhariri wangu hawezi kulipitisha. Mwenye tembe amesema.

Sasa nisije nikaonekana naitakasa filamu. Kuna kosa lake, na nafikiri hapo ndipo wauza tembe walipopata mlango.

Morpheus anampitisha Neo katika barabara ya mazoezi iliyojaa watu na kumweleza kwamba hawa wote, wanasheria, walimu, maseremala, ndio wanaotaka kuwaokoa. Lakini mpaka waokolewe, ni sehemu ya mfumo, na hivyo ni adui. Yeyote kati yao anaweza kugeuka ajenti wakati wowote. Ni hoja ya kivita na ndani ya hadithi ina mantiki. Halafu fuata kinachotoka kwenye hoja hiyo. Neo na Trinity wanaingia kwenye jengo alikofungwa Morpheus, makoti yamejaa bunduki. Pale mlangoni kuna walinzi na kile chombo cha kukagua vyuma. Mlinzi anamwomba Neo atoe vitu vya chuma mfukoni. Neo anafungua koti. Sekunde chache baadaye walinzi wote wamekufa, muziki unadunda, na sisi tunashangilia.

Hao walikuwa masoja wa geti. Kwa sheria za filamu yenyewe, kila mmoja wao ana mwili halisi mahali fulani ndani ya chombo, na ukifa ndani ya Matrix unakufa na huko. Ni walewale watu wa kuokolewa. Ninapokaa kuna soja wa usiku ambaye hukaa na redio yake ndogo na chai kwenye chupa, na hiyo mara ya tatu nilipoitazama sikuweza kumtoa akilini. Kosa la yule mlinzi lilikuwa nini? Kufika kazini kwa wakati. Katika filamu nzima hakuna anayemtaja tena.

Ukishakubali kwamba aliyelala ni adui, si kazi kubwa kufika unakotaka. Mwanamke aliyekukataa amelala. Rafiki yako anayempikia mke wake amelala. Januari 27, 2024 watu waliandamana Nairobi na miji mingine kupinga mauaji ya wanawake. Nilisoma maoni chini ya picha za siku hiyo hadi nikazima simu. Kulikuwa na wanaume waliouliza wale waliouawa walikuwa wakitafuta nini huko walikouawa. Waliandika kwa utulivu, kama watu wanaosahihisha hesabu, na kadhaa kati yao waliweka ka-emoji ka tembe nyekundu karibu na jina.

Plato alikuwa ameliona hili mapema. Watu hukumbuka sehemu ya yule mfungwa anayetoka pangoni na kuona jua, wanasahau kwamba hadithi haiishii kwenye jua. Anatakiwa arudi. Ashuke tena gizani akae na wenzake, macho yamezoea mwanga hivyo anajikwaa, wanamcheka, na Plato anasema wangeweza hata kumuua. Hajasema popote kwamba arudi na bunduki. Wala hajasema akae mlangoni akatoze kiingilio.

Namtazama mama mmoja kwenye filamu hii, yule mwaguzi anayeitwa Oracle, aliyeigizwa na Gloria Foster. Kila mtu anamwogopa, na Neo anategemea kukuta hekalu. Anakuta mama mweusi jikoni, anaoka biskuti, anavuta sigara, sebuleni kuna watoto wanacheza. Anamchunguza mdomo na viganja kama nyanya anayeangalia kama umekula, anamwambia karibu uongo kwa upole, kisha anampa biskuti aondoke nayo. Hamuiti mjinga. Hamwambii amelala. Ndiye anayejua mengi kuliko wote na ndiye peke yake asiye na haraka ya kumwamsha mtu.

Filamu inamalizika Neo akiwa kwenye kibanda cha simu barabarani. Anaziambia mashine kwamba atawaonyesha watu hawa kile ambacho zisingependa wakione, dunia isiyo na mipaka yao. Hasemi atakachofanya. Anakata simu, anatoka, anawatazama watu wanaopita na mikoba yao, anavaa miwani na kuruka juu. Gitaa za Rage Against the Machine zinaanza. Wimbo unaitwa Wake Up. Wale wa barabarani hawausikii, unatuchezea sisi tuliokaa kwenye viti.